Mabehewa ya Nyuma

Ndege ya mama ilikuwa inatua saa nne asubuhi, na saa tatu na nusu mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye treni ya uwanjani, behewa la pili kutoka mbele. Miaka sita sijamwona. Simu yake haikuwa na laini ya huku, lugha ya huku haijui hata ya kuombea maji, na agizo nililompa lilikuwa moja: "Ukitoka, kaa hapo hapo. Nitakukuta."

Kisha akaingia bibi mmoja mwenyeji na masanduku mawili, akanionyesha tiketi yake: behewa la tisa. Mtu mzima akibeba mzigo mbele yangu, mikono inaniwasha. Ndivyo nilivyolelewa, na siku hiyo nililaani malezi yangu. Nikambebea hadi nyuma. Tulipofika treni ilikuwa imeshaanza mwendo, nikaketi karibu naye. Treni ni treni, nikajiambia.

Kwenye kituo cha tatu tulisikia kishindo kidogo, tukaendelea. Baadaye nikaona mashamba dirishani. Njia ya uwanjani haina mashamba. Kuuliza si ujinga, najua, lakini mtu niliyeishi huku miaka sita naona haya kuuliza kama mgeni wa jana. Nikaendelea kutazama nje.

Mkagua tiketi ndiye aliyenimaliza. "Uwanja wa ndege ni mabehewa ya mbele. Haya yamekatwa, yanakwenda kaskazini."

"Lakini ni treni moja!"

"Ilikuwa moja," akasema, kwa upole wa kuudhi. "Kituo kijacho ni dakika arobaini."

Dakika zote arobaini nilisimama mlangoni, kana kwamba kusimama kwangu kunaiongezea treni mwendo. Dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani.

"Umeshampokea?"

"Bado kidogo."

Akapiga tena. "Bado kidogo gani hiyo isiyoisha? Mama yuko wapi?"

Nikamkatia. Nikalia kwa hasira mbele za watu, na sikujali.

Nilifika uwanjani saa saba kasoro robo. Nikakimbia ukumbi mzima, milangoni, vyooni, kwenye mistari ya viti, nikiita "Mama!" Nilikuwa namtafuta mwanamke mnene, mwenye sauti, anayejaza kiti na kumsalimia kila apitaye. Hakuwepo. Nikamwendea mlinzi.

"Amevaa nini?"

"Sijui."

"Ana urefu gani?"

Nikainua mkono kumwonyesha, ukasita hewani.

"Mwanangu."

Sauti ilikuwa ndogo, nyuma yangu. Kwenye kiti cha pembeni alikaa kikongwe mwembamba, mkoba mapajani, koti limemmeza. Nilikuwa nimempita mara mbili. Mara ya pili nilimkanyaga mguu, nikamwomba radhi kwa lugha ya huku.

"Mama! Mbona hukuniita?"

"Ulisema nikae, utanikuta. Nikakaa." Akauweka sawa mkoba mapajani. "Halafu ulipopita, nikasema ngoja, anijue mwenyewe."

Nikapiga magoti sakafuni, nikamwambia shikamoo. Viganja vyake vilikuwa mifupa mitupu.

"Marahaba," akasema. "Kwani nimekonda kiasi hicho?"

Nikamwambia hapana, mama, hata kidogo. Akaniacha niseme.