Shoka Mlangoni mwa Shule

Mdogo wangu Harata aliolewa na mwalimu, na mwalimu mwenyewe alikuwa mbishi hasa. Asubuhi Hakaraia aliwafundisha watoto wa kwetu Hokianga kusoma, mchana alilima viazi na ngano. Siku moja alitia moto magugu ya shamba jipya, akauacha ukiwaka, akaenda kugonga kengele ya shule. Upepo ukageuka. Mwanawe Rapata, ambaye bado alikuwa hajaota meno yote, akaungua mgongo mzima.

Mtoto ni wa ukoo wa mama pia. Baba akimwumiza, hata kwa uzembe tu, sisi wa upande wa mama tunamwendea kwa muru: tunampiga, tunabeba mali yake, naye anatulia. Anavyoporwa zaidi ndivyo mtoto anavyoheshimika zaidi. Asiyeporwa, mwanawe si kitu. Hakaraia alikua akiyaona hayo, lakini wamisionari walikuwa wamemjaza maneno kichwani.

Tulifika na marungu, mjomba wetu Te Wharau mbele, tukipiga kelele kama ipasavyo. Zizi tupu. Mashimo ya kuhifadhia viazi matupu. Mwalimu alikuwa amerundika kila kitu shuleni, hata nguruwe, tukawasikia wakikoroma humo ndani. Mwenyewe amesimama mlangoni na shoka.

"Karibuni, wakwe zangu," akasema. "Ila hapa hamtoki na hata kiazi. Imeandikwa, usiibe."

"Nani kaja kuiba, mwalimu?" Mjomba akamjibu. "Tumekuja kumlilia mtoto."

"Mlilieni basi. Machozi hayabebwi kwa magunia."

Kaka yetu Hohepa akacheka, kisha akamrukia. Hakaraia akashusha shoka, na vidole viwili vya Hohepa vikaanguka mavumbini. Basi, mila ikaishia hapo, ikabaki hasira tupu. Tulimwangusha, tukampiga marungu na mateke. Meno yalimtoka. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, wala sikumwonea huruma.

"Mwacheni," Mjomba akasema ghafla. "Msiguse kitu. Twendeni zetu, hapa hapana mtoto."

Heri angesema tumuue. Harata alikuwa ametoka nje na Rapata begani, mgongo wa mtoto umepakwa mafuta na kufunikwa majani. Alisikia kila neno. Hakulia. Akaanza kutufuata.

"Harata, unakwenda wapi?" Hakaraia akauliza kutoka chini.

"Kwetu. Nikae na wewe nifanye nini? Mwanangu kwako hafikii hata kiazi."

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akajikokota hadi mlangoni, akafungua kwa mkono uliobaki mzima. Nguruwe wakatoka mbio wakimkanyaga.

"Mjomba, chukua," akasema. "Chukua vyote."

Mjomba hakugeuka. Kazi ya kugeuka kwanza si ya mkubwa aliyekwisha kutamka.

"Shemeji," akaniita mimi, damu inamchuruzika mdomoni. "Nipore wewe. Nakusihi."

Nikamtazama mtoto. Nikarudi nikamzaba mwalimu kofi lililompeleka ukutani. "Hilo ni la mgongo wa Rapata," nikamwambia, nikajitwika gunia la ngano ya mbegu. Hohepa akaja nyuma yangu, mkono umefungwa kitambaa, akampiga teke la mbavu na kumkokota nguruwe mkubwa kwa mguu. Wengine wakafuata. Jembe likaenda, viazi vikaenda, sufuria zikaenda. Mwisho kabisa Mjomba mwenyewe akarudi, akamvua mwalimu koti.

Hakaraia alikuwa akicheka kwa mdomo usio na meno, machozi yanamtiririka.

Harata akaketi chini kando yake, akamlaza mtoto kifudifudi mapajani, akachana pindo la nguo yake kumfuta mumewe damu.

"Acha kucheka, mjinga wewe," akamwambia. "Nitakufungaje huo mkono?"