Simu Ilibeba Lawama

Jotham Khisa wa kijiji cha Kwanza, huko nje ya Kitale, alikuwa mtu wa neno moja, na mwaka huo neno lake lilikuwa simu. Binti yake Jentrix akijikwaa kwenye ndoo, ni simu. Akimwaga chai nje ya kikombe, ni simu. Kichwa kikimuuma? Aa, hapo hata usimuulize.

"Baba, kando kando naona giza," msichana alimwambia siku moja wakiingiza mahindi ghalani.

"Si nilikuambia? Simu unaibandika usoni kama plasta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama." Alimwita mama kwa kuwa msichana alirithi jina la nyanya yake, mamake Jotham.

Akampokonya, akaifungia kabatini. Jentrix hakubisha. Alieleza tu kwamba alikuwa akipiga picha vitabu vyake vya chuo ili akuze maandishi, ayaone. Jotham akacheka, mjinga wa watu. Ati visingizio vya watoto wa siku hizi.

Mwaka ulipita hivyo. Kisha Pauline, dada yake Jotham, alikuja kuwatembelea kutoka Bungoma, akamkuta msichana akipapasa ukuta mchana kweupe. Hakuomba mtu ruhusa. Alimpeleka Bungoma kwa daktari wa macho, na Jotham akawafuata akinung'unikia simu njia nzima.

Daktari, mama mmoja mpole, alimpima Jentrix, akampima tena.

"Simu huchosha macho na kuyakausha, mzee, hilo ni kweli," alisema. "Lakini hii ni presha ya macho. Inaua mshipa wa jicho polepole. Simu aliisogeza karibu kwa sababu macho yalikuwa yanaisha."

"Basi mpeni dawa."

"Tutampa ya kulinda hicho kidogo kilichobaki. Kilichoenda hakirudi. Mngemleta alipoanza kuona giza kando, tungekuwa tunaongea mengine."

Jotham aliinuka. Si aliambiwa ghalani? Si yeye aliyecheka? Alitoka mpaka kwenye benchi la nje akalia, mwanaume mzima, wagonjwa wakimwangalia.

Pauline alimleta Jentrix, akamketisha kando yake. Msichana aliutafuta mkono wa baba yake, akaukosa, akashika goti.

"Usilie, Baba," alisema. "Hata mimi niliamini ni simu. Nilikuwa natubu kila siku, nikidhani Mungu akinisamehe nitaona."