Karatasi ya Mahudhurio

Mshipi wa Jacktone Oyaro ulipanda mwepesi. Ndoano arobaini, samaki wanne, wote wadogo kuliko kiganja. Tangu Januari alikuwa akivua mbali, nje ya maboya ya manjano ya eneo lililofungwa, na kila alipotia nanga mkewe Phelesia alitazama ndani ya mtumbwi kabla ya kumtazama usoni.

Ndani ya maboya, pima ishirini chini, ilikuwapo miamba. Marehemu babake alimwonyesha namna ya kuipata: msalaba wa kanisa ukikaa sawa na pengo la kilima, na ncha ya kisiwa ikifunika jiwe jeupe, umefika. Siri hiyo baba humwachia mwanawe mmoja tu. Jacktone alimwambia Maxwell, afisa wa uvuvi.

"Samaki hawa wadogo, fulu, wanazalia hapo, mzee wangu jaduong'," Maxwell alikuwa amemwambia, viatu vyake mkononi, maji magotini. "Mama anabeba watoto mdomoni. Tukilinda chini huko, ziwa lote litapona."

Jacktone alilijua hilo kabla ya Maxwell kuzaliwa. Lakini hakuna afisa aliyewahi kulitamka mbele yake kana kwamba lina maana. Akampeleka. Kisha akazunguka ufuo mzima akiwasihi wenzake waiache miamba ipumzike.

"Omera, ndugu yangu," Ochieng, mvuvi mwenzake, alimcheka, "ukimwonyesha mgeni kitanda chako, usimlaumu akilala."

Mwezi Machi Ochieng aliingia ndani ya maboya. Jacktone mwenyewe ndiye aliyempigia Maxwell simu. Wavu wa Ochieng ulichomwa pale mchangani, na doa jeusi lilikuwa bado halijafutika.

Sasa Jacktone alikuwa akikunja mshipi aliposikia injini. Mashua ya chuma ilikuwa katikati ya maboya, ikikokota wavu mzito, mnyororo ukiburutwa chini. Maji nyuma yake yalikuwa na rangi ya chai. Jacktone alipiga kasia hadi mbele yake.

"Mzee, toa hiyo mtumbwi!" nahodha akapaza sauti. "Iko njia!"

"Hapa hapavuliwi! Watu wamechomewa nyavu hapa!"

"Sisi tuko na karatasi. Enda Homa Bay uulize."

Alienda kesho yake, amevaa shati lake la kanisani. Ofisini, Maxwell hakuinuka kitini.

"Ah, jaduong'. Hiyo ni utafiti tu."

"Utafiti gani unajaza kreti na barafu?"

Maxwell alitazama mlango, kisha akafungua faili. Jacktone aliona ramani. Msalaba wa kanisa. Pengo la kilima. Jiwe jeupe. Vyote vimechorwa kwa wino wa buluu, na mstari ukivuka mahali penyewe. Nyuma ya ramani palikuwa na karatasi iliyoandikwa juu, kwa herufi kubwa, JAMII IMERIDHIA. Chini yake palikuwa na majina ishirini na matatu. La kwanza lilikuwa lake, kwa mwandiko wake wa polepole.

Aliikumbuka siku ile. Semina hotelini, kuku, soda baridi. Karatasi ilipopitishwa haikuwa na kichwa.

"Ulisema hii ni ya mahudhurio."

"Ilikuwa ya mahudhurio."

"Na sasa?"

"Sasa imeambatanishwa." Maxwell alishusha sauti. "Hata mimi nimeletewa tu, mzee wangu. Mimi ni mdogo hapa."

"Basi toa jina langu."

"Jina haliwezi kutolewa kwa faili. Unaandika barua ya malalamiko."

"Kwa nani?"

Maxwell alifunga faili. "Unaleta tu hapa. Nitaipokea."

Aliporudi jioni aliwakuta watu ufuoni. Mashua ya chuma ilikuwa imepita ukingoni, ikabaki na mbuta, samaki wakubwa wa kuuza, na kumwaga fulu kama takataka, kwenye maji ya magotini. Wengi walikuwa wamevimba, macho yametoka. Vipande vya jiwe vilivyovunjika karibuni vilikuwa vimenasa kati yao, bado vina utelezi wa kijani upande mmoja. Ochieng alikuwa amesimama juu ya doa jeusi la wavu wake.

"Nani atapigiwa simu leo, Jacktone?"

Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilidhani..." Jacktone akaanza.

"Ulidhani. Na jina lako ndilo la kwanza. Nahodha ametusomea."

Ochieng akatema mate, akaondoka. Wengine wakamfuata.

Phelesia peke yake alikuwa ameinama majini na beseni, akiokota. "Angalau iwe mboga," alisema bila kuinua kichwa. Aliweka beseni chini na kuchomoa kisu. Fulu mmoja katika maji ya beseni alikuwa bado akihema. Alifungua mdomo mara mbili, na watoto wakatoka, wadogo kama mbegu za ufuta, zaidi ya thelathini. Kisha mdomo ukajifunga, mama akalala ubavu.

Watoto walizunguka beseni mara moja. Wakarudi. Wakajikusanya mbele ya mdomo ule na kuanza kuusukuma kwa vichwa vyao, wakirudi nyuma na kusukuma tena, kama wanavyofanya kila waonapo hatari na kutaka kuingia humo.

Phelesia alimtazama mumewe usoni. Kisu kilikuwa bado mkononi.

"Huyu nimpasue?" akauliza.

Ziwani, injini iliwaka tena.