Binti Aliyekubali Kila Swali

Wenzake shuleni walimbandika binti yangu jina la Nakubali. Nilidhani wanamsifu, mpaka mwalimu wake wa Kiingereza aliponiita.

Alinikalisha kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakagonga dawati, akaniwekea mbele karatasi za binti yangu. Kiingereza changu kiliishia shule ya msingi, kwenye salamu na majina ya matunda, kwa hiyo akanisomea kwa Kiswahili.

"Mama, maswali ya fasihi huja hivi: mtu fulani amesema jambo kuhusu kitabu, je, wakubaliana naye kwa kiasi gani? Binti yako hukubali. Kila mara. Juzi nimeweka jambo la uongo makusudi. Kakubali, tena kaniletea na ushahidi."

"Si ndiyo adabu hiyo, mwalimu?"

"Adabu ni njema. Lakini mtahini anataka kujua mwanafunzi mwenyewe anaonaje. Lugha anaijua vizuri. Ila akiandika hivi kwenye mtihani wa majaribio, namtoa kwenye fasihi, achukue somo lingine. Siwezi kumtazama akianguka mwaka wa mwisho."

Nilitoka pale moyo umenishuka. Tangu baba yake atangulie mbele ya haki, binti yangu ana jambo moja tu analomwomba Mungu: kwenda chuo kikuu kusoma fasihi. Akitolewa kwenye somo hilo, na chuo hicho kimekwenda.

Nilimkuta anaanua nguo, nikamuuliza mbona anakubali kila swali. Akanitazama kama nimeuliza maji yana rangi gani.

"Mama, aliyetunga swali ni mtu mzima, na ameshasema. Mimi nimwambie amekosea, tena kwa maandishi?"

Mimi ndiye niliyemlea hivyo, na mbele ya Mungu sijutii. Lakini nilikaa namwangalia anavyopanga vibanio, nikajua hili halitatoka kwa maneno ya kumshauri.

Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe, mnalivuta likanyooka, mnaendeana, mnapokezana, mnarudi nyuma. Siku ya mapumziko tulikuwa uani tunakunja, na wifi yangu kakaa kizingitini anashona vifungo vya foronya. Nikamwambia binti yangu anisimulie hicho kitabu chao.

"Ni cha mjane mmoja wa nchi za baridi," akasema. "Mwanawe wa pekee alikwenda mbali, hata baba yake hakuja kumzika. Baada ya miaka akarudi, akabisha hodi. Mama alikuwa ndani, kasimama nyuma ya mlango, akazisikiliza hodi mpaka zikakoma. Hakufungua. Mwalimu anasema hasira ya yule mama ilikuwa ya haki."

"Kweli kabisa. Hakumzika baba yake! Mimi ningeongeza na komeo."

"Ndiyo, mama."

"Vuta huko. Kwa hiyo mtoto huyo hana chake tena pale?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo gani? Nakuuliza wewe!"

Wifi akacheka. "Wifi nawe! Mtoto anakuitikia, unamgombeza? Wenzako wanalia na watoto wenye midomo."

"Wewe shona vifungo."

Shuka lilikuwa limenyooka kati yetu. Nikaona mdomo wa binti yangu unacheza. Namjua, ndivyo anavyofanya akimeza neno.

"Liteme," nikamwambia. "Leo mtahini ni mimi. Nimesema mjane alikuwa na hasira, na hasira yake ni ya haki. Ukinikubalia, mashuka yote haya unayafua upya peke yako."

Akainamisha macho.

"Hakuwa na hasira," akasema polepole. "Alikuwa na aibu. Alishauza vitu vyote vya ndani. Ukurasa ule hautaji hasira hata mahali pamoja, unataja viti ambavyo havipo. Hakutaka mwanawe aone." Kisha akaongeza: "Kama wewe, mama. Mjomba alipokuja baada ya mazishi ya baba, ndani hatuna hata kiti, ukamjibu dirishani kwamba una kazi."

"We mtoto!" Foronya ikamdondoka wifi. "Ndivyo unavyomjibu mama yako?"

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mikono ilitaka kuachia, lakini chini vumbi, na shuka ni la watu. Nikalishika.

"Mwache, wifi. Nimemuuliza mwenyewe." Kisha nikamgeukia yeye. "Sikubaliani nawe. Siku ile nilikuwa na mashuka kwenye maji ya moto. Haya, jibu."

"Mama, mashuka yalikuwa kambani. Yamekauka."

Wifi akaokota foronya, akajiziba nayo uso, mabega yakimtikisika. Tuliendelea kubishana, mimi nashikilia langu, yeye anashikilia lake kwa heshima zote, "samahani mama" kila baada ya neno. Shuka la mwisho tulilikunja upogo, ikabidi nilirudie.

Mtihani wa majaribio ukapita. Swali lilikuwa la kitabu kilekile. Siku karatasi ziliporudishwa alinikuta napiga pasi, akasimama mlangoni na begi bado begani.

"Mwalimu anasema nimerukaruka, sina mpangilio," akasema. "Hitimisho nimelisahau kabisa."

"Na fasihi?"

"Nabaki."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikamwambia anisomee alichomwandikia huyo mtahini. Alisoma kwa Kiingereza kwanza, nikasikiliza sauti tu. Akaanza tena kwa Kiswahili. Alipofika kwenye viti, nikamwambia asubiri kidogo, pasi imepata moto mno.

Pasi ilikuwa sawa tu. Alisubiri, kisha akaendelea kusoma.