Hakitoki Kitu na Tundu

Mimi na mke wangu ukituunganisha unapata mtu mmoja mzima na chenji inabaki. Yeye haoni, mimi sitembei. Asubuhi napanda baiskeli yangu ya magurudumu matatu, yeye anashika mpini wa nyuma na kusukuma, mimi naelekeza: kulia kidogo, kuna shimo, simama kwanza apite huyu mwenye pikipiki aliyechoka kuishi. Watu njiani walikuwa wakituangalia kwa huruma mpaka watusikie tunavyogombana. Hapo huruma ilikwisha, wakajua ni ndoa kama nyingine.

Tulikuwa tunakwenda kazini. Neno hilo lilinichukua muda mrefu kulizoea mdomoni. Kabla ya hapo nilishona viatu kando ya barabara, mpaka barabara ikapanuliwa na mimi nikawa katikati yake. Mke wangu, kabla sijamwoa, alikuwa kwa kaka yake, anahesabiwa pamoja na vyombo vya ndani. Halafu likafunguliwa duka.

Lilikuwa duka la vitu vilivyokwisha kutumika. Watu walileta nguo walizozichoka, viti, masufuria, mazulia, badala ya kuvipeleka jalalani. Sisi tukavichambua, tukavitengeneza, vikauzwa. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Na wafanyakazi wote tulikuwa watu wenye ulemavu. Hivyo ndivyo tulivyoitwa wageni wakija. Wageni wakiondoka tuliitana majina mengine ambayo siyaandiki hapa.

Mke wangu alikaa meza ya kwanza. Kila nguo ilipita chini ya vidole vyake, naye aliifungia utepe wa kitambaa wenye mafundo. Fundo moja, ikauzwe. Mafundo mawili, ije kwangu kwenye cherehani. Mafundo matatu, imekwisha, iende kwenye mashine ikakatwe matambara ya gereji. Kwa kuwa kidole hakioni doa, meza ya pili alikaa kiziwi mmoja tuliyemwita Mheshimiwa, kwa sababu dukani tai zilikuja nyingi kuliko shingo na yeye alivaa tai mpya kila siku. Yeye alikagua kwa macho. Bila mkono wa huyu na jicho la yule, hakuna nguo iliyokatwa.

Juu ya mlango msimamizi wetu, mama mmoja mwembamba asiyejua kukaa chini, aliandika kwa rangi: HAPA HAKITOKI KITU NA TUNDU. Aliandika ili kuvuta wateja. Sisi tuliyachukua maneno yale kwa uzito kuliko alivyokusudia. Kila mmoja wetu alikwisha kuambiwa mahali fulani, na mtu fulani, kwamba yeye ndiye kitu chenye tundu.

Sasa niseme habari ya binti yetu. Tangu alipoachishwa ziwa analelewa na mama mkwe wangu. Mama mkwe si mtu mbaya. Alikuja, akatuangalia tulivyobanana kwenye chumba cha kuazima, akasema, "Mtoto si mzigo wa kubebwa kwa zamu. Siku mkiwa na kazi inayosimama na mlango unaofungwa, nitamleta mwenyewe." Mimi nikatania kwamba kati yangu na kazi, kitakachosimama ni kazi tu. Hakucheka. Akamfunga mtoto mgongoni akaenda naye.

Na sasa kazi ilikuwa imesimama, mlango ulikuwa unafungwa, na makubaliano yalikuwa kwamba shule zikifungwa binti analetwa kukaa moja kwa moja. Kitanda chake nilikitoa dukani. Kilikuja na mguu mbovu, tukaelewana. Mke wangu alikuwa akikipapasa kila jioni akipita, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Nyumba ya duka ilikuwa ya Bi Mkubwa. Yeye na mumewe walitupa bure, na mume alipofariki wanawe wakaanza kuitaka waiuze. Bi Mkubwa aliwajibu neno moja, kwamba yeye akiwa hai, haiuzwi. Kwa hiyo kazi yetu sote, na kitanda kile, vilining'inia kwenye ulimi wa mama mmoja mzee. Tulimwombea afya kuliko wanawe.

Siku moja msimamizi aliingia akihema.

"Mifuko ya juzi," akasema. "Ile iliyoletwa na mtoto wa Bi Mkubwa. Kulikuwa na koti la kahawia?"

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"La marehemu. Vijana walisafisha kabati bila kumuuliza mama yao. Analitaka. Anakuja kulichukua mwenyewe keshokutwa."

Sote tuligeuka kuiangalia mashine ya matambara. Hata mke wangu aligeuka.

"Subirini," akasema mke wangu. Vidole vyake vilikuwa vikitembea hewani, vinakumbuka. "Zito? La sufu? Viwiko vimekwisha, mfuko wa kushoto umetoboka?"

"Mimi sijui mfuko," msimamizi akasema. "Mimi najua tutafukuzwa."

"Nililifunga mafundo mawili."

Mafundo mawili ni kwangu. Nikapindua kapu langu sakafuni, na koti likaanguka, limekunjamana kama mlevi. Msimamizi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakaa chini.

Lilikuwa koti lililotumika likatumikishwa. Ukosi umelika, bitana inachungulia nje, linanuka tumbaku na dawa ya kikohozi. Mfuko wa kushoto ulikuwa na tundu la kupita mkono mzima, likatokea upande wa ndani. Nilipitisha mkono wangu nikampungia Mheshimiwa kutoka upande wa pili. Akacheka bila sauti, mabega yakiruka.

"Tumpe hivi hivi?" msimamizi akauliza.

Tulimtazama kama mtu aliyesema tumpakulie mgeni chakula sakafuni.

"Mtu ametupa nyumba," mke wangu akasema, "sisi tumrudishie tambara?"

Mheshimiwa alinyoosha kidole juu ya mlango, kwenye yale maandishi, kisha akalegeza tai yake.

Sijawahi kushona vile. Mke wangu alilifua kwa mkono, taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga, maji yakabadilishwa mpaka yakatoka meupe. Mheshimiwa alitoa madoa yote, hata lile la kifuani ambalo mimi nilidhani ni sehemu ya koti. Tukalining'iniza mbele ya feni. Mimi nikageuza ukosi, nikachomoa nyuzi kwenye pindo nikafumia viwiko mpaka huwezi kujua palikuwa na nini, nikatia bitana mpya. Ule mfuko wa kushoto niliutengeneza mwisho, mishono miwili miwili. Ungeweza kuwekea mawe. Kisha pasi. Likasimama kwenye henga kama linataka kuoa.

"Akiliona hili," nikamwambia mke wangu, "hata kiwanja cha jirani atatupa."

"Usicheke na riziki," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Bi Mkubwa alikuja na mwanawe mkubwa. Kijana alibaki mlangoni akichezea funguo za gari. Mama alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa viatu visivyo na kamba, vya mtu aliyeshindwa kuinama. Tukamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote vilivyokuwa vinauzwa. Mimi nikalileta koti mapajani, nikisukuma magurudumu polepole, maana nilitaka alione vizuri.

"Shikamoo, mama. Tumekutengenezea."

"Marahaba, mwanangu."

Alilipokea. Akaangalia viwiko, akaangalia ukosi. Akaliweka puani akavuta pumzi, akasubiri kidogo, akavuta tena. Kisha akatia mkono chini ya koti, upande wa kushoto, kwa ndani. Mkono ukatembea kwenye bitana, ukaenda juu, ukarudi chini.

"Tundu liko wapi?" akauliza.

"Nimeliziba, mama." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayengoja kupongezwa. "Halitafunguka tena mpaka kiama."

Mkono wake uliendelea kutafuta. Nilidhani hakunisikia.

"Mume wangu alikuwa mtu wa haya," akasema, na hakuwa akisema na mimi. "Hakuweza kunishika mkono barabarani, watu wanaona. Basi yeye anatia mkono wake mfukoni, mimi napitisha wangu chini ya koti, kwenye lile tundu. Tunakwenda hivyo sokoni, hospitali, popote. Watu wanaona wazee wawili tu. Mafundi wangapi walitaka kulishona, nikawakatalia."

Feni ilikuwa inazunguka, nikatamani mtu aizime.

"Nitalifumua, mama," nikasema. "Sasa hivi. Nipe, ni dakika mbili."

Akanipigapiga mkono, kama mimi ndiye niliyefiwa.

"Utafumua uzi, baba. Na harufu yake je?" Akalilaza koti mapajani, akalilainisha mikono. "Mmemfua mume wangu. Mmempiga pasi."

Kisha akatushukuru. Alitushukuru mmoja mmoja, kwa kweli, bila kejeli, akamshika mke wangu mabega, akampa Mheshimiwa mkono. Angetutukana tungejua pa kushika. Akainuka, akaliacha koti kitini, na alipofika mlangoni akamwambia mwanawe, "Yale mambo yenu ya nyumba. Fanyeni mnavyotaka. Mimi nimechoka kulinda vitu."

Funguo zikanyamaza mkononi mwa kijana.

Mheshimiwa alikuwa amesoma midomo ya Bi Mkubwa. Alitueleza kwa mikono kile ambacho masikio yetu yalikuwa yamekikataa: nyumba, basi, kwisha.

"Ameondoka na koti?" mke wangu akaniuliza.

"Hapana."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba, tukabomoa nyumba nzima.

Msimamizi alikwenda kwa Bi Mkubwa akambembeleza. Alirudi akasema amepokewa vizuri, amepewa chai. "Si hasira," akatuambia. "Hasira ingekuwa na dawa."

Wanawe wakaiuza nyumba, na lori la kuondoa vitu lilikuja siku ileile ambayo binti yetu alikuwa analetwa. Nilitaka kumpigia simu mama mkwe asitishe safari. Mke wangu alinishika mkono. "Usimpigie. Aje. Angalau tumshike."

Kwa hiyo walipofika, bibi mbele na mjukuu nyuma, walitukuta nje, tumekaa kando ya mlango kama vitu visivyonunuliwa. Vijana wa lori walikuwa wanatupia juu kila kilichobaki: viti, masufuria, marundo ya nguo zenye mafundo. Vyote vilikuwa vinakwenda jalalani, tulikovizuia visiende miaka yote ile. Niliona koti la kahawia likiruka hewani, mikono imetandazwa. Mshono hata mmoja haukuachia.

Mama mkwe alisimama akalitazama lori. Akasoma maandishi juu ya mlango, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeandaa utani, nimeufanyia mazoezi njia nzima. Haukutoka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mkwe." Hakuuliza. Alikuwa na adabu ya kutouliza. "Basi tumekuja kusalimia tu. Kuna basi la kurudi mchana."

Binti alikuwa na begi lake, limejaa, zipu imefungwa kwa pini. Amerefuka, ana miguu mizuri kupita kiasi. Sijui aliipata kwa nani. Alimwendea mama yake, na mke wangu akamsoma kama anavyosoma nguo: nywele, masikio, mabega, akishuka mkononi. Kwenye kiwiko cha sweta vidole vikasimama. Palikuwa na tundu.

Nikaona mkono wa mke wangu ukiingia mfukoni mwa aproni, ambayo hakuwa na sababu ya kuivaa siku ile. Akatoa utepe, akaufunga kwenye mkono wa sweta. Mafundo mawili.

"Unajua maana yake?" akamwuliza.

"Ni kazi ya baba, uliniambia kwenye simu," binti akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Utanishonea sasa hivi?"

Cherehani ilikuwa kwenye lori, chini ya viti.

"Ukija tena, mama," nikamwambia.

"Lini?"

"Twende, mjukuu wangu," bibi yake akasema kwa upole. "Basi haliwangoji watu."

Wakaondoka. Bibi amembebea begi, mtoto anatembea kinyumenyume kututazama, mpaka bibi akamgeuza. Karibu na kona nilimwona mama mkwe akisimama. Akainama, akaufungua utepe mkononi mwa sweta, akautia kwenye mkoba wake, nadhani ili mtoto asionekane wa ajabu kwenye basi. Mtoto alimwachia mkono afungue. Wakakata kona.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya baiskeli, ameshika mpini, uso ameuelekeza upande ambao haukuwa wao.

"Bado wanaonekana?" akauliza.

"Wanaonekana."

"Anafanya nini?"

"Anatupungia," nikasema.

Akainua mkono akapunga. Nikamgeuza bega kidogo, uso uelekee kwenye kona, nikamwacha aendelee kupunga.