Ondoa Ndoa Sugu kwa Siku Moja

Mama Sabuni alikuwa dobi kwa miaka ishirini na minne, na mwandishi kwa wiki sita. Udobi alijaliwa na Mungu. Uandishi alipewa na mhariri wa gazeti dogo la kila wiki, aliyemletea koti lenye doa la wino mfukoni, akalichukua safi kama la dukani, akasema maarifa ya namna hiyo si ya kufia kwenye beseni. Akampa nusu ukurasa aandike habari za usafi wa nguo.

Tangu siku hiyo mjane wa watu akawa anatembea kama aliyevaa viatu vipya. Aliandika kwa kalamu kwenye daftari la mistari, na mke wa mwanawe akayachapa maneno kwenye simu na kuyatuma gazetini. Makala sita zikatoka, na hapakuwa na msomaji hata mmoja aliyeandika chochote, si sifa wala tusi. Ndipo mhariri alipomwita ofisini, chumba kimoja juu ya duka la vioo, akamweleza polepole kwamba nusu ukurasa ule unatakiwa na bwana mmoja wa mafumbo ya maneno. Zikipatikana barua au jumbe ishirini kuhusu makala yake kufikia Jumamosi saa sita mchana, atabaki. Zisipopatikana, ndiyo basi tena.

Akauliza kosa lake ni nini. Mhariri akafunua gazeti la wiki iliyopita, akasoma: "Wapendwa wasomaji, natumaini hamjambo pamoja na wote wa nyumbani. Mimi nami sijambo kwa neema ya Mungu. Dhumuni la kuwaandikia..."

"Mama, hii ni barua," akasema. "Kichwa kimvute mtu, na mstari wa kwanza umkalishe kitako. Salamu zinawapa nafasi ya kukimbia."

"Sasa niingie kwa watu bila hodi?"

"Gazeti wameshanunua, mama. Mlango uko wazi, wewe ingia."

Akaenda nyumbani kuandika. Kuacha salamu kulimpa tabu kama kutoka nje bila kitambaa cha kichwa. Aliandika "hamjambo" akaikata, akaiandika tena, akaikata kwa mistari miwili ili isimrudie. Mwisho akapiga moyo konde na kuingia bila hodi: "Unalo. Unalitazama kila siku, na umeshakata tamaa. Kosa la wengi ni kuanza na maji ya moto. Nyunyiza unga kwanza, liache litulie saa nzima, kisha sugua kwa sabuni kavu, bila hasira." Juu yake akaweka kichwa: Ondoa Doa Sugu kwa Siku Moja. Akamkabidhi mkwewe daftari, akamtakia kazi njema, akaenda kuanika.

Gazeti lilitoka Jumatano. Kabla hajalitia machoni, alikutana na mwanamke fundi cherehani wa jirani akiwa amesimama mlangoni pa kibanda chake cha kushonea, gazeti kwapani, uso umechangamka kama wa mtu aliyeokota kitu.

"Mama Sabuni, makala yako nimeisoma mara tatu. Ya kwangu ina miaka kumi na minne. Kweli itatoka?"

Mama Sabuni alisikia hiyo "ya" mahali palipotakiwa "la", lakini hakuwa mtu wa kumsahihisha mwenzake njiani. Moyo wake ulikuwa unaruka: msomaji, tena aliyesoma mara tatu.

"Likizeeka hivyo huwa halitoki lote, mwanangu. Hubaki kivuli. Liko wapi hasa?"

"Muda mwingi kwenye kochi."

"Kochi la kitambaa?"

"La kitambaa."

"Basi afadhali. Nyunyiza unga, uache ukae saa nzima."

Fundi cherehani akafikiri kidogo. "Na akiamka kabla ya saa kuisha?"

Mama Sabuni akamtazama, akamwombea kimoyomoyo, akaaga. Nyumbani alimkuta mkwewe amekaa chini karibu na beseni, gazeti limemfunika uso na mabega yanacheza. Alidhani analia. Alipoliondoa gazeti, mkwewe alikuwa anacheka mpaka machozi. Alionyesha kwa kidole tu. Pale juu, kwa herufi nene nyeusi, palisomeka: ONDOA NDOA SUGU KWA SIKU MOJA.

"Mkono ulikuwa umeshaandika 'ondoa', mama," akajitetea alipopata pumzi. "Hiyo 'ndoa' ikaja yenyewe."

Mama Sabuni akashika kiuno. Yeye aliyekaa na mumewe miaka thelathini na moja mpaka Mungu alipomchukua, leo anawafundisha watu kuondoa ndoa. Alitaka kukasirika, na alikuwa na kila sababu. Lakini akamkumbuka mume wa fundi cherehani, bwana mkubwa mwenye kitambi, amelala kochini na unga kidevuni, anangojea sabuni kavu. Kicheko kikamtoka bila ruhusa. Akakaa chini naye, wakacheka mpaka maji ya bomba yakajaa beseni, yakamwagika, yakawalowesha miguu wote wawili.

Jumamosi asubuhi alikwenda ofisini akiwa ameshaamua. Mhariri alimpokea mlangoni, hasemi, anaimba. Jumbe mia mbili na kumi na nne. Mtu wa mafumbo ameambiwa asubiri. Mama Sabuni akamweleza lile kosa. Mhariri akakuna kichwa: yeye kichwa kile alikiona, ila alidhani mama amekubali ushauri.

"Hao wameitikia wito nisioutoa," Mama Sabuni akasema. "Hesabu waliosema habari za doa. Wakifika ishirini nitabaki. Wasipofika, nitaondoka. Siwezi kukalia kiti nilichopewa na kosa la kidole."

Mhariri alibembeleza, akakumbusha saa, akapiga meza. Hakupata kitu. Wakaanza kusoma.

Mama mmoja aliuliza unga uwe wa ngano au wa mahindi, na mumewe avuliwe kabla au baada. Huyo hakuhesabiwa. Mwingine alishukuru kwamba mume wake, baada ya kuona kichwa tu, alitengeneza mlango uliolegea tangu mwaka juzi. Mhariri alijaribu kumpenyeza huyo kwa hoja kwamba mlango nao ni wa nyumbani, akakataliwa. Bwana mmoja aliomba makala isichapwe tena. Lakini katikati yao wakatokea wengine: "Nimesoma mpaka mwisho nikiitafuta hiyo ndoa, sikuiona, nikakuta dawa ya doa la mafuta ya kupikia. Nimejaribu kwenye kitambaa cha meza. Limetoka." Huyo akahesabiwa. Wakaendelea hivyo, mhariri akifuta machozi ya kicheko kwa tai yake, na simu ilipokwisha jumbe, saa sita kasoro dakika tano, walikuwa na kumi na tisa.

Mama Sabuni akachukua mkoba wake. Alisema asante kwa wiki saba, akasema Mungu hakosei hesabu, akainuka.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia fundi wa magari, mkononi ana gazeti lililokunjwa mara nne, uso wa mtu asiyelala vizuri. Akauliza ni nani aliyeandika. Mke wake, akasema, amekikata kile kichwa na kukibandika ukutani, upande anaolalia yeye, na hajasema neno. Siku tatu sasa yeye fundi anarudi nyumbani mapema, anaosha vyombo, anauliza habari za mama mkwe.

"Nimeisoma yote," akasema. "Nimefika mpaka mstari wa mwisho. Ndoa iko wapi?"

"Haipo, baba," akasema Mama Sabuni. "Ni kosa. Tunaomba radhi."

Fundi akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka nayo. Akageuka kutoka, kisha akasita, akainua mkono wa shati. Palikuwa na alama nyeusi kwenye kiwiko.

"Ila ule unga niliujaribu," akasema kwa haya. "La kifuani lilitoka. Hili la girisi limenikatalia. Hili linaondolewaje?"

Mhariri alikuwa ameshakamata kalamu. Mama Sabuni akaitazama saa ya ukutani, akaweka mkoba chini.

"Andika, mhariri. Ishirini." Kisha akamgeukia fundi. "Vua hilo shati, baba, na ukae. Unga uliweka wa nini?"