Mume Wangu na Karatasi za Watu

Mume wangu Medard ni mtu mwema, na wema wake ndio uliomfukuzisha Umutoni nyumbani kwake. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nitamtetea. Tuna miaka ishirini na mitatu ya ndoa, kumi na tano kati ya hiyo tukiwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na namjua kuliko anavyojijua.

Hapa Louisville tumepanga kwenye jengo moja la Highview, ambako Medard ndiye fundi wa mabomba na milango. Mimi nahudumia wazee majumbani mwao. Nusu ya wapangaji ni Wakongo, na karibu wote walikuwa wamemkabidhi Medard nakala za karatasi zao. Hakuwaomba. Mtu aliyewahi kuchomewa nyumba na karatasi zote zikiwa ndani hatulii mpaka aweke nakala kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa mume wangu, kwa kuwa ni shemasi, halewi, na habebi maneno ya watu. Alizipanga kabatini mwetu, kila familia na bahasha yake.

Umutoni alileta ya kwake mwaka juzi. Mimi na Medard ni Wabembe, Umutoni ni Mnyamulenge wa Minembwe, na kule nyumbani watu wetu na watu wake wameuana kwa miaka. Akina mama wa kanisani wakamwambia bahasha yake akampe mtu wa kwao. Akawajibu kwamba hapa sote ni wapangaji. Ana binti mmoja, Grâce, wa miaka minane, anayemjibu mama yake kwa Kiingereza na kula sombe, kisamvu cha kwetu, nyumbani kwangu kila Jumamosi. Hawakuja Marekani kama sisi, kwa mpango wa wakimbizi. Walikuja kwa viza ya matembezi, mama akaomba hifadhi, na bado anangoja kesi yake isikilizwe. Kibali chake cha kazi kilikuwa kimekwisha muda na kipya kilikuwa hakijafika. Yote hayo yalikuwa ndani ya bahasha.

Mwezi wa kumi meneja wa jengo alimwita Medard ofisini. Alisema amesikia inakuja sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba kujua kila mpangaji anakaa nchini kwa kibali gani, na tajiri wake hataki kukutwa hajajiandaa. Akamwomba awaambie watu wa lugha yake walete karatasi. Mtu mwenye akili timamu angeitikia, kisha angekuja kuniuliza mimi. Medard alipanda ngazi, akafungua kabati, akashuka na bahasha zote kumi na tisa.

Niliporudi kazini nilimkuta anapiga mluzi. Aliniambia amewapunguzia watu kazi, hata foleni hawatapanga. Nilimfokea mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini nami nilikuwa kambini, najua alikotoa wazo hilo. Pale, mwenye orodha akikuita unaonyesha kadi, unapimiwa unga. Asiyeonyesha analala njaa. Ukiishi hivyo miaka kumi na tano unaamini kwamba karatasi ikishaonekana imekulinda. Medard aliamini anawalinda.

Wiki mbili baadaye familia kumi na nane hazikusikia lolote. Umutoni alipata barua kwamba mkataba wake ukiisha mwisho wa mwezi hautaandikwa mwingine. Wakili mmoja wa kujitolea alisema hakuna sheria iliyomlazimisha meneja kuuliza, na kwamba barua ile inaweza kupingwa. Umutoni alikataa. Alikuwa anangoja mahakama moja, hakutaka ya pili ilijue jina lake. Medard alikwenda ofisini mara tatu kudai bahasha, na mara ya tatu akapewa. Yaliyomo yalikuwa yameshaingizwa kwenye kompyuta.

Jioni hiyo Umutoni alikuja kwetu na barua mkononi. Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Papa Medard, muniambie kweli," alisema. "Mulibapatia karatasi yangu juu niko Munyamulenge?"

"Hapana, mwanangu. Nilibapatia za batu bote. Hata yangu."

"Za batu bote. Lakini ni mimi njo banafukuza."

Kanisani hukumu ilikuwa imeshatoka. Wengine walimwita Medard msaliti. Wengine, Wabembe wenzetu, walimshika mkono kwa siri na kumwambia amefanya vizuri, na hao ndio waliomuumiza. Alilia jikoni kwangu, mwanamume mzima, nikamwacha alie.

Aliwapeleka yeye mwenyewe Columbus kwa gari letu, mwendo wa saa tatu na zaidi. Umutoni ana binamu yake pale Gahanna, pembezoni mwa Columbus, Theogene, anayepakia mizigo ghalani. Hawakumaliza mwezi. Mwenye nyumba wa Theogene alianza kuuliza hawa wawili wapya ni akina nani, Theogene akaogopa, na ana watoto watano, sitamlaumu. Wakapanda basi kwenda Buffalo.

Walipofika alitupigia simu. Alisema wamepata chumba, Grâce ameanza shule, na theluji inafika magotini. Medard aliposikia theluji alitoka palepale akarudi na koti la mtoto, jekundu, la bei ambayo sisi wenyewe hatujawahi kujinunulia. Akampigia Umutoni, akaweka simu mezani nami nisikie, akaomba anwani ili alitume.

"Papa, musikasirike," Umutoni alisema. "Adresi sitabapatia."

"Ni koti ya mutoto tu, mwanangu."

"Najua. Nilishabasamehe nyinyi, Papa, kweli. Lakini adresi, hapana."

Medard alimshukuru, akamwombea baraka, akakata simu. Alilikunja koti taratibu na kulirudisha kwenye mfuko wa dukani.

Kesho yake Umutoni aliniandikia mimi anwani, na chini yake maneno machache: Mama Béatrice, Papa asijue. Nililipeleka koti posta wakati wa mapumziko ya kazi. Medard alipouliza liko wapi, nilisema nimelitoa kanisani, limepata mtoto mwingine. Alisema ni vizuri. Sijawahi kumdanganya mume wangu jambo kubwa, na sikujua kwamba ni rahisi hivyo.

Jumapili iliyopita ilikuja picha kwenye simu yangu. Grâce amesimama mbele ya mlango wa bluu, koti limemfika magotini, anacheka. Medard alikuwa bafuni, nikasikia maji yanafungwa. Niliitazama picha mara moja tu, nikaifuta kabla hajatoka.